Ornette Coleman: nianzie wapi kumsikiliza, na ile saksafoni ya plastiki ilikuwa nini hasa?

Kipindi_Saa3

Wakuu, habari za humu.

Kuna kipindi cha redio cha saa moja kinaandaliwa kuhusu Ornette Coleman, mpuliza saksafoni wa Marekani. Wasikilizaji wengi jazi wanaijua kwa mbali, ile ya hotelini na ya kwenye filamu, na wakirushiwa huyu bwana bila maandalizi watahama stesheni. Ukiondoa maneno na matangazo, muziki unabaki na dakika 40 hivi. Naomba msaada kwa wanaomfahamu vizuri:

1. Nianze na rekodi ipi, na mpangilio uweje?
2. Kwa nini anasikika kama ametoka kwenye tuni? Ni makusudi, ni chombo kibovu, au ni matokeo ya kujifundisha mwenyewe?
3. Saksafoni nyeupe ya plastiki: nani aliitengeneza, na ilikuwa na shida gani?
4. Mtandaoni tarehe zinagongana. Nataka zile ambazo zikisomwa hewani hakuna atakayepiga simu kusahihisha.

Natanguliza shukrani.

---

Santuri33

Mkuu, wengi watakwambia uanze na The Shape of Jazz to Come kwa sababu ndiyo maarufu. Mimi nasema hapana, si kwa redio. Anza na "Turnaround" kutoka Tomorrow Is the Question!, iliyorekodiwa mwanzoni mwa 1959 kwa lebo ya Contemporary. Ni bluzi ya mapigo 4 yenye vipimo 12 (vipande vya mapigo manne manne), umbo ambalo hata asiyejua jazi ameshalisikia mahali. Don Cherry yuko kwenye tarumbeta, Red Mitchell kwenye besi na Shelly Manne kwenye dramu. Piano haipo. Wimbo una dakika 8 kasoro kidogo, na msikilizaji anapata pa kushika kabla hujamwondolea ngazi.

Ukimaliza hapo ndipo uende "Lonely Woman", wimbo wa kwanza wa The Shape of Jazz to Come. Ilirekodiwa Hollywood tarehe 22 Mei 1959, na albamu ikatolewa na Atlantic mwaka huohuo. Waelekeze wasikilizaji jambo moja tu: mwendo uko wa aina mbili kwa wakati mmoja. Billy Higgins anakimbiza sahani ya dramu kwa kasi. Juu yake Coleman na Cherry wanaimba polepole kama watu walio msibani, wala hawalazimiki kuangukia kwenye pigo lake. Katikati yuko Charlie Haden, anagonga nyuzi mbili za besi kwa pamoja na kung'ang'ania nota ya D. Mtu akisema "hawaendi pamoja", ni kwa sababu anatafuta pigo la dramu ndani ya mdundo wa wapulizaji. Mwambie afuate besi. Besi ndiyo daraja.

Wa tatu ni "Ramblin'" kutoka Change of the Century (Oktoba 1959, Atlantic pia). Hapa Haden anazipiga nyuzi za besi kama gitaa la mashambani. Si ajabu: familia yake ilikuwa bendi ya nyimbo za kijijini, na yeye aliimba redioni akiwa mtoto mdogo. Coleman naye ni mtu wa Fort Worth, Texas, aliyepulizia bendi za rithimu na bluzi zilizochezewa dansi na watu waliotoka jasho. Wanaosema muziki wake hauna mizizi hawajausikiliza huu.

Kuna jambo moja linalopotosha sana, hasa kwenye makala za haraka: kwamba walikuwa wanapuliza chochote kinachowajia. Kila wimbo kwenye albamu hizo una ghani (mstari mkuu wa wimbo) iliyoandikwa, mara nyingi yenye kona kali, na Coleman na Cherry wanaipiga kwa sauti moja tena kwa usahihi. Kilichoondolewa ni ule utaratibu wa kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) unaojirudia chini ya solo. Kwenye jazi ya kawaida, baada ya ghani, mpiga solo anazunguka juu ya kodi zilezile, vipimo 12 au 32, mpaka amalize. Kwa Coleman, mpiga solo anachukua hali ya ghani, mwendo wake na baadhi ya vipande vyake, kisha anakwenda. Akitaka kukaa kwenye toni moja kwa muda mrefu kuliko kawaida, anakaa. Besi inamsikiliza na kumfuata, si kinyume chake. Ndiyo maana ukihesabu unaweza kujikuta umekosa kipimo au umepata cha ziada. Si kwamba wamepotea. Sentensi imeisha mahali pake.

Piano ikiwepo mambo haya yanakuwa magumu, kwa sababu mpiga piano akishabonyeza kodi ameshaamua nota ipi isikike sahihi na ipi isikike kosa. Sikiliza albamu yake ya kwanza, Something Else!!!! ya 1958, yenye Walter Norris kwenye piano. Coleman anavuta huku, piano inavuta kule. Wote ni wazuri, lakini wanabanana.

---

Fundi_Pedi

Nachukua swali la 3.

Saksafoni ile inaitwa Grafton. Aliyeibuni ni Hector Sommaruga, Mwitaliano aliyeishi London, na ilitengenezwa na kampuni ya John E. Dallas & Sons. Iliingia sokoni 1950 kwa pauni 55, takribani nusu ya bei ya alto (aina ya saksafoni aliyopuliza Coleman) nzuri ya shaba wakati huo, na ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya mwisho ya 1960. Zilitoka kama 3,000 hivi, zote alto. Mwili na mdomo wake mpana wa mbele ni akriliki, yaani plastiki ngumu, ya rangi ya maziwa. Vitufe ni vya shaba.

Coleman aliinunua 1954 akiwa Los Angeles. Sababu ya kwanza ilikuwa pesa. Baadaye akaipenda. Kwenye jalada la The Shape of Jazz to Come ndiyo anayoikumbatia. Na kama utataka kuonyesha kwamba haikuwa kioja cha mtu mmoja, Charlie Parker, gwiji wa alto, alipuliza Grafton kwenye onyesho la Massey Hall, Toronto, tarehe 15 Mei 1953.

Shida zake kwa mtazamo wa benchi la ufundi:

Springi. Saksafoni ya kawaida hutumia springi za sindano, vijiti vyembamba vya chuma vilivyochomekwa kwenye nguzo. Grafton inatumia springi za kuzunguka, kama za kibanio cha nguo. Kwa hiyo vidole vinahisi tofauti, kitufe kinarudi kwa uzito usiozoeleka, na springi ikikatika huwezi kuchukua ya saksafoni nyingine ukaipachika. Mitambo ya kuzitengeneza iliharibiwa baada ya uzalishaji kusimama, kwa hiyo kipuri kinatoka kwenye Grafton nyingine iliyokufa.

Ufa. Shaba ikigongwa inabonyea, na fundi anaitoa bonyeo kwa chuma cha mviringo. Akriliki haibonyei, inapasuka. Ikipasuka huwezi kulehemu. Gundi ya haraka inashika lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe kandokando ya ufa, na kama ufa uko karibu na tundu la sauti, hata pengo la unywele linatosha kuvujisha hewa. Nota zote za chini ya tundu hilo zinaanza kukataa kutoka au zinaruka okteva.

Joto. Kubadili pedi (kifuniko laini cha tundu) kwenye saksafoni ya shaba unapasha kikombe cha kitufe moto, gundi inalainika, unaisogeza pedi mpaka ikae sawa huku kitufe kikiwa mahali pake. Kwenye Grafton ukifanya hivyo umeuyeyusha mwili. Lazima kitufe king'olewe, kipashwe pembeni, kirudishwe, kijaribiwe, king'olewe tena. Kazi ya dakika 5 inakuwa ya dakika 40.

Usafi. Spiriti na vimiminika vyenye alkoholi vinaleta mtandao wa nyufa ndogo kwenye akriliki. Kitambaa chenye maji vuguvugu na sabuni kidogo kinatosha.

Kwa hiyo mtu aliyepuliza chombo hiki usiku baada ya usiku, baa baada ya baa, alikuwa anabeba yai. Baadaye Coleman alihamia Selmer ya shaba, nayo akaifanya nyeupe kwa rangi. Kwenye picha za uzeeni wengi hudhani bado ni plastiki. Usiingie mtego huo hewani.

---

Alto_EFlati

Fundi kamaliza upande wake, ila naomba tusiibebeshe plastiki sifa isiyo yake. Kinachotoa sauti ndani ya saksafoni ni safu ya hewa, na ukuta unachangia kidogo mno kulinganisha na umbo la ndani la bomba, kipande cha mdomoni, ridi (kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka), na koo la mpulizaji. Weka rekodi ya 1959 aliyopuliza Grafton kando ya Sound Grammar ya 2005 aliyopuliza shaba. Ndani ya nota tatu unajua ni mtu yuleyule.

Sasa swali la 2. Majibu yako matatu yote yana ukweli, ila hayalingani uzito.

Kujifundisha mwenyewe: ndiyo. Alto ni chombo cha E flati. Mpulizaji akisoma C kwenye karatasi, piano inasema hiyo ni E flati. Ili itoke C ya piano, alto lazima ipulize A. Coleman alipata alto yake akiwa na miaka kama 14, hakuwa na mwalimu, akayachanganya majina ya nota za chombo na yale ya kwenye kitabu cha piano. Alipogundua kosa, alikuwa ameshaona jambo ambalo wanafunzi wa shule hawalioni: jina la nota ni makubaliano tu, na nota ileile inabeba maana tofauti kutegemea nani anaisoma.

Chombo: kidogo sana, kama nilivyosema.

Makusudi: hapa ndipo uzito ulipo. Kwake nota haikuwa nukta moja kwenye tyuna (kifaa cha kupimia tuni). F ya kwenye wimbo wa huzuni na F ya kwenye wimbo wa furaha hazikupaswa kuwa na kimo kilekile cha sauti, kama ambavyo sauti ya mtu anayelia inapanda na kushuka ndani ya neno moja. Ni tabia ya waimbaji bluzi, yeye akaipeleka kwenye alto na kuikuza.

Kwa anayetaka kuielewa kwa mdomo wake, lipo zoezi. Washa tyuna, shika G ya katikati bila kitufe cha okteva, iweke sawasawa kabisa. Legeza mdomo wa chini polepole bila kupunguza hewa. Nota itashuka, na kwa mazoezi itafika robo toni. Sasa jaribu kuipandisha juu ya mstari kwa kubana. Haitaki. Inapanda kidogo tu kisha inakuwa nyembamba na kufa. Ndiyo tabia ya saksafoni: kushuka ni rahisi, kupanda ni shida. Anayetaka nafasi pande zote mbili husukuma kipande cha mdomoni ndani zaidi kwenye kizibo cha shingo ya saksafoni, milimita chache, ili sauti ya kupumzikia iwe juu kidogo, kisha anashusha kwa mdomo kila nota anayotaka iwe chini. Kosa la kawaida ni kung'ata ridi kwa meno ya chini ili kupandisha. Unapata kelele ya bata, na mdomo unachoka ndani ya dakika 10. Tena nota za chini kabisa, B flati hadi D, hazipindi kirahisi. Nota za juu zinazotumia vitufe vya kiganja ndizo zinazopinda sana. Sikiliza anapolia Coleman: mara nyingi ni katikati na juu, si chini.

Kwa redio, ushahidi mfupi kuliko wote ni "Embraceable You" kwenye This Is Our Music, iliyorekodiwa katikati ya 1960. Ni wimbo wa watu wengine, tena wimbo pekee wa kopi kwenye albamu alizotoa Atlantic. Anayeijua ghani ya asili atasikia wazi nota ipi imekunjwa na imekunjwa kwa kiasi gani. Kwa nyimbo zake mwenyewe huna cha kulinganisha.

---

Kipindi_Saa3

Daah, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Nina swali la nyongeza kwa Santuri33: ile albamu yake ya Free Jazz nifanyeje nayo? Ina dakika 37 na kitu, haiingii. Na nikisikiliza kwenye spika ya studio nasikia fujo tu, wakati kila kitabu kinaiita hatua kubwa.

---

Santuri33

Unaisikiliza kwa mono mkuu. Hapo ndipo tatizo lako lilipo, wala si masikio yako.

Free Jazz ilirekodiwa New York tarehe 21 Desemba 1960 na bendi mbili za watu wanne wanne zikipiga kwa pamoja, kila bendi kwenye upande wake wa stereo. Kushoto: Coleman, Don Cherry, Scott LaFaro kwenye besi, Billy Higgins kwenye dramu. Kulia: Eric Dolphy akipuliza klarineti besi, Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Charlie Haden kwenye besi, Ed Blackwell kwenye dramu. Ukiweka hedifoni unasikia mazungumzo ya vyumba viwili. Ukiunganisha pande zote kwenye spika moja, besi mbili zinakuwa uji na dramu mbili zinakuwa mvua ya mabati.

Njia ya kujifunza: vaa sikio la kushoto peke yake dakika 5 za mwanzo, rudi mwanzo, vaa la kulia, kisha yote mawili. Utashtuka jinsi Higgins na Blackwell wanavyogawana kazi.

Muundo nao upo. Kuna vipande vya pamoja vilivyopangwa vinavyotenganisha solo, na zamu zinakwenda hivi: Dolphy, Hubbard, Coleman, Cherry, kisha Haden, LaFaro, Blackwell, Higgins. Yaani wapulizaji wanne, besi mbili, dramu mbili. Ya Coleman ndiyo ndefu kuliko zote, na wakati wa solo wengine wako huru kuingilia kwa kuchokoza. Kwenye santuri ya asili kazi ilikatwa vipande viwili, kama dakika 20 upande A na zilizobaki upande B, kwa hiyo msikilizaji wa 1961 alilazimika kuinuka na kugeuza santuri katikati ya mambo.

Kwa hewani chukua ule mlio wa kufungulia na dakika 3 au 4 za Dolphy zinazofuata. Kama kituo kinarusha kwa stereo, waambie wasikilizaji wavae hedifoni. Kama wengi wanasikiliza kwa simu yenye spika moja, afadhali usiirushe, uieleze tu. Kipande kilichosikika vibaya kinaharibu kazi yote ya "Lonely Woman".

---

Kumbukumbu_59

Naingia kwenye swali la 4. Nitaweka zile zinazogongana na zinazosahaulika. Nyingine unazo.

Kuzaliwa: Fort Worth, 9 Machi 1930. Kuna maandishi yanayosema 19 Machi, usiyafuate. Kifo: Manhattan, 11 Juni 2015, akiwa na miaka 85.

Shule: I.M. Terrell, Fort Worth. Shule hiyohiyo ndiyo ya King Curtis, Dewey Redman na Charles Moffett. Wawili wa mwisho walikuja kupiga naye.

1949: akiwa Baton Rouge, Louisiana, na bendi inayozunguka, alipigwa na watu na saksafoni yake ikaharibiwa. Hiyo ilikuwa teno (saksafoni kubwa kuliko alto), si alto. Makala nyingi zinaichanganya na Grafton, ambayo aliinunua miaka mitano baadaye. Los Angeles alifanya kazi ya kuendesha lifti kwenye duka kubwa, akisoma vitabu vya nadharia ya muziki kati ya ghorofa na ghorofa.

Five Spot, klabu ya New York: alianza 17 Novemba 1959. Mkataba ulikuwa wa wiki mbili, ukarefushwa hadi kufika miezi miwili na zaidi. Mtunzi na kondakta Leonard Bernstein alimsifu, mpiga tarumbeta Miles Davis alimponda, na ugomvi huo ndio uliojaza viti. Mwaka uliofuata Higgins alipoteza kadi ya kabareti, kibali ambacho mwanamuziki wa New York alilazimika kuwa nacho ili apige mahali panapouzwa pombe, na nafasi yake ikachukuliwa na Ed Blackwell. Kwa hiyo ukisikia dramu zinabadilika kutoka Change of the Century kwenda This Is Our Music, sababu si ya kimuziki. Ni karatasi.

Town Hall: 21 Desemba 1962. Alikodi ukumbi mwenyewe, akaandaa mwenyewe, na akaweka kazi aliyoiandikia vyombo vinne vya nyuzi pamoja na trio yake mpya, yeye na David Izenzon (besi) na Charles Moffett (dramu). Halafu akatoweka jukwaani miaka miwili. Alikuwa amepandisha bei yake, wenye klabu hawakutaka kuilipa, naye hakutaka kushuka. Ndani ya muda huo alijifunza tarumbeta na fidla, fidla akiipiga kwa mkono wa kushoto. Alirudi jukwaani kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, Januari 1965. Matokeo yanasikika kwenye rekodi za Golden Circle, Stockholm, Desemba 1965, wimbo "Snowflakes and Sunshine": hakuna alto kabisa, ni tarumbeta na fidla mwanzo mwisho. Watu walimkasirikia upya.

Uingereza, Agosti 1965: kisa kizuri kwa redio. Kanuni za chama cha wanamuziki zilitaka kila mwanajazi Mmarekani anayeingia abadilishanwe na Mwingereza anayetoka. Wanamuziki wa klasiki hawakubanwa na kanuni hiyo. Coleman akaandika kazi ya vyombo vitano vya kupuliza, ikapigwa kwenye onyesho lake la Fairfield Halls, Croydon, na kwa hesabu hiyo akaingia kama mtunzi. Mwaka 1972 sheria za aina hiyo zikamnasa kweli: Skies of America aliirekodi na London Symphony Orchestra, lakini bendi yake ya kawaida haikuruhusiwa kupiga nayo. Kampuni nayo ikaikata kazi nzima kuwa nyimbo fupi 21 ili redio ziweze kuzirusha. Kwenye maelezo ya jalada la albamu hiyo ndipo alipoliweka neno lake, hamolodiki.

Tuzo ya Pulitzer ya muziki: 2007, kwa Sound Grammar, iliyorekodiwa jukwaani Ludwigshafen, Ujerumani, Oktoba 2005. Usiseme "mwanajazi wa kwanza kushinda". Wynton Marsalis alishinda 1997. Sema kwamba rekodi ya Coleman haikuwa hata miongoni mwa kazi zilizowasilishwa kushindania tuzo. Waamuzi waliiingiza wenyewe.

Na la mwisho linalonikera: "mvumbuzi wa jazi huru" (free jazz). Mpiga piano Cecil Taylor alitoa albamu ya Jazz Advance tangu 1956, na mpiga piano mwingine, Lennie Tristano, alirekodi vipande visivyopangwa mwaka 1949. Coleman aliipa jina kwa albamu, tena akaipa ghani za kuimbika. Inatosha kumsifia kwa hilo.

---

Kipindi_Saa3

Hamolodiki ni nini kwa lugha ya mtu wa kawaida? Nimesoma maelezo manne, kila moja linapinga lingine.

---

Alto_EFlati

Hata waliopiga naye walikuwa wanaieleza tofauti tofauti, kwa hiyo usijisumbue kutafuta fasili ya sentensi moja. Wazo la msingi: ghani, kodi na mwendo wa mdundo vina haki sawa, hakuna kinachomtumikia mwenzake.

Ila ipo namna ya kuisikia kwa mkono. Chukua karatasi moja yenye mstari mmoja wa nota, wape watu watatu waisome kama ilivyo bila kuhamisha chochote. Imeandikwa C. Gitaa linatoa C. Tarumbeta inatoa B flati. Alto inatoa E flati. Wote wanapiga umbo lilelile, wanapanda na kushuka pamoja, lakini kila mmoja yuko kwenye ngazi yake ya muziki. Mwalimu wa shule anaita hilo kosa la kwanza la darasani. Coleman aliona hiyo tayari ni harmoni, na imezaliwa na ghani yenyewe.

Mfano wa kurusha upo tayari. Kwenye Skies of America kuna kipande kinaitwa "The Good Life", hakifiki dakika 2, okestra nzima inaimba ghani inayoruka kama wimbo wa watoto. Sasa fungua Dancing in Your Head, iliyotolewa 1977: "Theme from a Symphony" ni ghani hiyohiyo, safari hii na bendi yake ya umeme iliyokuja kuitwa Prime Time, gitaa mbili, Jamaaladeen Tacuma kwenye besi ya umeme na Ronald Shannon Jackson kwenye dramu. Wanairudia, wanairudia, alto inapita juu yake bila kuchoka. Weka moja baada ya nyingine bila kusema neno katikati. Msikilizaji atajieleza mwenyewe.

---

Kipindi_Saa3

Wakuu, mpangilio nilionao sasa: "Turnaround" ya 1959 yote, "Lonely Woman" yote, "Ramblin'" yote, kipande cha dakika 4 cha Free Jazz (tunarusha stereo), dakika 2 za "Snowflakes and Sunshine", "The Good Life" ikifuatwa na dakika 5 za "Theme from a Symphony", na kufunga kwa "Turnaround" tena, ile ya Sound Grammar yenye besi mbili. Inafika kama dakika 36. "Embraceable You" nitaichomeka nusu kama muda ukibaki.

Mtangazaji anataka kusoma utangulizi juu ya mwanzo wa "Lonely Woman" ili kuokoa muda. Kuna ubaya?

---

Santuri33

Upo mkubwa. Wimbo ule unafunguliwa na besi na dramu peke yake kabla ya wapulizaji kuingia, na ndizo sekunde zinazomfundisha msikilizaji ule mwendo wa aina mbili. Akisoma juu yake, wapulizaji wataingia kama wamepotea njia. Amalize maneno yote kabla, anyamaze kama pumzi mbili, ndipo auachie. Muda wa kuokoa achukue kwenye "Theme from a Symphony", pale hata ukikata dakika nzima hakuna atakayejua.

---

Fundi_Pedi

Na kule kwenye "Turnaround" ya kufungia, besi moja ni ya Greg Cohen, anadonoa kwa vidole, na nyingine ya Tony Falanga, anakwaruza kwa upinde. Dramu ni Denardo, mwanawe, yuleyule aliyempigia kwenye The Empty Foxhole mwaka 1966 akiwa na miaka 10. Mtangazaji akiyasema hayo ayaseme mwanzo wa wimbo. Mwishoni kuna makofi ya ukumbi, yaacheni yaishe yenyewe.